Trebo Kwenye Tisa

3 Machi

Kaka Fundi, shikamoo.

Nimefika salama, chumba nimepata, na bendi wamenipokea kwa majaribio. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita, inaita, inakata. Jana ukapokea, ukasema "nani, nani wewe", nikataja jina mpaka jirani akagonga ukuta, nawe ukakata. Kama umeninunia kwa kuiacha kaunta ya duka lako la redio nikafuata gitaa, sema tu yaishe.

Chumba kiko nyuma ya duka la mshona mapazia. Kuna kitanda, kiti kimoja, na soketi moja ambayo inabidi nichague: nichemshe chai au niwashe amplifaya. Ukumbi tunaopigia uko juu ya karakana ya matairi. Mchana wote harufu ya mpira inapanda ngazi, jioni watu wanakuja na wanasahau.

Sasa shida yangu. Bendi inapiga kantri, ila siyo ile ya zamani uliyokuwa ukinipigia nikiwa mdogo. Hii ni kantri ya siku hizi. Ngoma nzito, besi nzito, na gitaa lina kazi mbili: sasa hivi lilie safi, noti zikidonolewa moja moja, halafu kiitikio kikifika likwaruze kama roki. Meneja wa ukumbi atatupa mkataba wa mwaka mzima, ila anasema jukwaa ni dogo, anataka gitaa moja tu. Nasi tuko wawili. Mwenzangu ni Mrefu. Ndiyo, Mrefu yule yule mliyekuwa naye kwenye bendi yenu. Jumamosi ya kwanza ya Aprili meneja atakaa chini asikilize, achague. Nikikosa hapa, nauli ninayo ya kurudi kwako tu, nikauze betri na balbu mpaka nizeeke. Nakupenda kaka yangu, lakini siyo kwa kiasi hicho.

Gitaa ninalo, lile la ubao ulilonipa. Amplifaya ni ile ndogo. Dukani nimeona kisanduku kimoja chenye sauti zote ndani, kina kioo na taa za rangi, wewe ni kubonyeza tu. Mwimbaji wetu, tunamwita Kofia kwa sababu hajawahi kuivua tumwone kichwa, amesema nisinunue kitu kabla sijakuuliza wewe, maana jina lako huku bado linatajwa. Basi nimekuuliza. Jibu upesi.

Mdogo wako anayekusumbua,
Chiriku


9 Machi

Chiriku, marahaba.

Simu sahau. Simu za siku hizi hazisemi, zinanong'ona. Nimebadilisha ya tatu hii na zote zina ugonjwa mmoja. Nadhani wenye mitandao wanatubania sauti makusudi ili tununue mpya kila mwaka. Barua haikatiki katikati. Wewe andika, na mzigo nitaupakia kwenye basi.

Sijanuna. Kaunta yako iko wazi, sijaweka mtu. Mambo ya muziki nayajua yanavyoishaga. Nimesema bila ubaya.

Hicho kisanduku chenye taa kiache dukani. Kina sauti mia, utatumia nne, na hizo nne ndizo zitakazogoma siku meneja amekaa mbele yako. Kikifa, kimekufa chote. Pedali za moja moja, za kukanyaga kwa mguu, ikizimika moja unaichomoa, unaendelea na wimbo. Nakutumia zangu. Zipange hivi wala usinibadilishie.

Ukitoka kwenye gitaa, ingia kwanza kwenye kompresa, ile ya kijani. Inaishusha noti iliyozidi na kuiinua iliyofifia, ndipo zile noti za kudonoa zinatoka zote zikiwa na kimo kimoja. Bila hiyo kantri haiji. Halafu pedali ya kukwaruza. Weka kidogo kuliko unavyotamani. Vijana wanaijaza mpaka mwimbaji anakuwa anapiga mdomo bure. Kisha mwangwi. Nyimbo za mbio, uwe mfupi, urudi mara moja unyamaze. Nyimbo za polepole, urefushe mpaka uangukie katikati ya mapigo ya ngoma. Ya mwisho kabisa ni hicho kisanduku cheusi, nimekiunda mwenyewe kwa ajili yako. Kazi yake ni kukupandisha juu ya ngoma usikike. Trebo yake, kitufe cha sauti za juu, nimeiweka kwenye tisa na nimeifunga kwa gundi, kwa sababu nakujua kwa kuchokonoa. Kwenye amplifaya pia, trebo tisa, besi tatu. Pikapu za gitaa, zile sumaku chini ya nyuzi, tumia ile ya nyuma.

Na usiseti sauti ukiwa peke yako chumbani. Sauti ya chumbani inakudanganya. Bendi ikianza tu, humo humo unapotea. Seti ngoma na besi zikiwa zinapiga.

Mrefu mwangalie. Anacheka na kila mtu. Mtu wa kucheka na kila mtu ana lake moyoni.

Hapa watoto wamerudi shule ya bweni, nyumba imekuwa kimya hata siielewi. Wifi yako siku hizi haongei na mimi, anachezesha midomo tu. Nikigeuka ghafla namkuta kasimama mlangoni ananitazama, kama mtu aliyefumaniwa. Sijui ananificha nini. Nitajua.

Kaka yako,
Fundi


17 Machi

Kaka Fundi, shikamoo.

Mzigo umefika, hata kona haijapondeka. Nimepanga pedali kama ulivyoandika, moja baada ya nyingine, na sikuseti chumbani. Nilingoja mazoezi, ngoma na besi zikiwa zimekolea, nikaingia.

Kofia alisimama katikati ya ubeti. Mpiga ngoma akaniuliza kama nafungua kopo. Mhudumu mmoja alikuwa kule mwisho kabisa anapanga viti, akaviacha, akaziba masikio kwa mikono miwili. Nikadhani nimekosea kuchomeka. Nikachomoa zote, nikachomeka upya, nikaanza tena. Ikawa vile vile. Sauti inachoma. Noti za juu zinaingia sikioni kama sindano na zinakaa humo.

Kwenye amplifaya nimeshusha trebo, lakini kisanduku chako cheusi hakishuki, si umekifunga. Nikikitoa, kweli nazama chini ya ngoma, hapo ulisema kweli. Kwa hiyo nakihitaji, ila siyo hivi. Naomba ruhusa nitoe gundi.

Na nina swali, usilichukue vibaya. Pedali zote umeziacha wazi, vitufe vinazunguka. Kompresa nikiamua kuiharibu naiharibu. Hicho kimoja tu ndicho ulichokifunga. Kwa nini hicho? Na umekifunga pale pale panapoumiza watu. Wewe ambaye ukisikia redio ya jirani imehama kidogo ulikuwa unatoka nje kwenda kuisogeza.

Jambo jingine. Umenikumbusha kwamba kaunta iko wazi hata kabla hujanieleza habari ya gitaa. Nimelisoma hilo mara mbili. Mrefu, kwa upande wake, sauti yake inakaa mahali pake kana kwamba ilizaliwa humo ukumbini. Anapiga, wahudumu wanapunguza mwendo. Mimi nikipiga wanakimbia.

Na wifi namshangaa. Mwanamke aliyeniaga stendi kwa sauti mpaka abiria wote wakageuka, leo amekuwa wa kuchezesha midomo? Labda mmegombana na hutaki kuniambia.

Nijibu habari ya gundi.

Mdogo wako,
Chiriku


22 Machi

Chiriku, marahaba.

Gundi usiiguse.

Kisanduku hicho nilikaa nacho mezani tangu wiki ulipoondoka mpaka nilipokutumia. Nimekipiga asubuhi, nimekipiga jioni. Sauti yake ni laini, tena ina joto. Kwangu mimi ingeweza hata kuongezwa, nilijizuia. Sasa unaniambia inachoma. Nani anasema inachoma? Kofia, aliyekuwa anakula meza moja na Mrefu kabla wewe hujafika. Mpiga ngoma, anayepanga chumba kimoja na Mrefu. Mhudumu, anayetegemea kusifiwa na hao wawili. Umewahi kumuuliza mtu asiyefaidika na wewe kushindwa? Fikiri kidogo. Wote wakikubaliana kuziba masikio, utajishusha mwenyewe, na siku ya meneja utakuwa hausikiki. Hapo Mrefu anapanda jukwaani bila jasho.

Mambo haya hayako huko peke yake. Hapa wateja nao wameanza. Wananiletea redio, naitengeneza, naiseti vizuri, mtu anailipia kwa tabasamu. Juzi nilimfuata mmoja mlangoni kumrudishia waya wake, nikamkuta hata barabarani hajafika, ameinama anazungusha vitufe vyangu. Aliponiona akaficha mkono. Mwingine amehamia kwa yule fundi wa kona ambaye hata kuchomelea waya kwa risasi hajui. Kuna kitu watu wanakisema juu yangu, na wanakisema nikiwa nimegeuka.

Kwa wifi yako ndiyo nimechoka. Simu yangu ilikuwa sebuleni, mimi chumba cha pili nikifanya kazi. Baadaye naitazama, mtu amepiga mara kadhaa. Namuuliza wifi yako, mbona hukuniita? Anasema nimekuita. Hakuniita. Nilikuwa nimekaa kimya, hata redio sijawasha. Namwangalia usoni, naye ananiangalia usoni, anarudia, nimekuita. Mtu akifika pa kusema uongo huku anakutazama, jua kuna mengine chini yake. Hata birika anaacha maji yakauke jikoni, halafu anasema mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nitakurekodia mwenyewe. Gitaa langu, pedali kama zako, trebo kwenye tisa. Utasikia kantri inavyotakiwa kulia, halafu uniambie nani anayekudanganya.

Kaka yako,
Fundi


29 Machi

Kaka,

Salamu leo sina, utanisamehe au utaacha.

Jana mazoezini Mrefu alishuka kunywa maji, akaacha ubao wake wa pedali wazi. Sikuwa napekua, nilikuwa nautazama tu kama mtu anavyotazama sahani ya mwenzake. Nikaona kisanduku cheusi. Kama changu kabisa, hata mikwaruzo ya tupa pembeni. Nikakigeuza. Chini kuna zile nukta tatu za risasi unazoweka kwenye kila kazi yako, nilizokuwa nazihesabu nikiwa mtoto nimekaa chini ya meza yako.

Hakina gundi. Kitufe kinazunguka. Trebo iko kwenye nne.

Mrefu aliporudi nilikuwa bado nimekishika. Nikamuuliza, hiki umekipata wapi? Akasema kwa kaka yako. Nikamuuliza, mbona chako hakijafungwa? Yeye anayecheka na kila mtu, jana hakucheka. Alitazama chini, akasema, "Mambo ya Fundi mimi siyasemi. Muulize mwenyewe." Akakichukua mikononi mwangu taratibu, akakirudisha mahali pake.

Kwa hiyo mtu uliyeniambia nimwangalie ndiye unayemtengenezea vyombo. Yeye umempa wazi na kwenye nne, mimi umenifunga kwenye tisa. Kisha ukaniandikia kurasa mbili kunieleza kwamba wote wanaoziba masikio ni waongo, ili nisiguse. Nimekaa kitandani nikaunga moja na moja. Kaunta iko wazi. Mambo ya muziki unayajua yanavyoisha. Wateja wanakukimbia na unahitaji mtu wa kuwachekea, na huyo mtu ni mimi. Bendi yako ilikufa, na yangu lazima ife.

Iliniuma kuliandika hilo. Lakini sioni maana nyingine, na nimeitafuta usiku na mchana.

Gundi nimeitoa kwa kisu cha mkate. Jumamosi nitapiga kwa masikio yangu. Usiniandikie tena kuhusu gitaa.

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Mrefu alinunua kisanduku hicho kwangu mwaka juzi. Nilimwekea kwenye tisa kama nilivyokuwekea wewe. Sikuweka gundi kwa sababu nilimwamini. Kama leo kiko kwenye nne, basi alikichokonoa nikiwa nimegeuka, kama wateja wangu, kama wewe na kisu chako cha mkate. Ndiyo maana alitazama chini. Ungeniuliza kabla ya kuunga moja na moja.

Kwenye bahasha nimeweka fleshi. Nimejirekodi jana asubuhi, nyimbo mbili. Ya kwanza ya mbio, ya pili ya polepole ili usikie mwangwi unavyoangukia kwenye ngoma. Sijapiga hivyo tangu bendi yetu ilipovunjika. Nilipomaliza nilikuwa na furaha, nikasema Chiriku akisikia hii ataelewa. Barua yako ikaletwa mchana wake.

Sikiliza mara moja. Kisha uamue kama huyo ni mtu anayekutakia mabaya. Baada ya hapo kitupe ukitaka.

Wifi yako nimemwambia afungashe. Tarehe kumi na nne anaenda kwa dada yake na sijasema lini atarudi. Hakubisha sana, au alibisha kwa hiyo sauti yake ya chini, sijui. Siwezi kuishi na mtu anayenong'ona ndani ya nyumba yangu.

Usiponijibu ni sawa. Wanaonijibu wamebaki wachache.

Fundi


8 Aprili

Kaka yangu, shikamoo.

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimemwomba akupe wewe, siyo mtu mwingine. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Nafasi nimeipata. Jumamosi meneja alikaa meza ya mbele, Mrefu akapiga, nami nikapiga. Nilipanga pedali kama ulivyonifundisha, kompresa mbele, kukwaruza kidogo, mwangwi mfupi kwa nyimbo za mbio. Kisanduku cheusi kiliniinua juu ya ngoma kama ulivyosema. Trebo tu ndiyo niliishusha, nikaiweka kwenye nne. Meneja alimwambia Kofia, huyu dada. Nilishinda kwa vitu vyako, kaka. Mrefu alinipa mkono.

Sasa lililonifanya niandike.

Fleshi yako ilifika asubuhi ya Jumamosi, sikuigusa. Usiku baada ya ushindi tulibaki ukumbini, viti vimeshapandishwa juu ya meza. Nilikuwa na kiburi. Nikawaambia, nina kaka aliyetaka kuniharibia, na ameniletea ushahidi wake mwenyewe. Nikampa Kofia, akaichomeka kwenye spika kubwa za ukumbi. Niliwaita waje wakucheke. Nalisema hilo kama lilivyo, sina namna ya kulipamba.

Wimbo wa kwanza ulipoanza walicheka. Sauti ilikuwa kali hata vioo vya baa vililia, na juu yake kulikuwa na mluzi, mluzi wa waya mbovu, mwanzo mpaka mwisho haupumziki. Mimi nami nilicheka. Mrefu peke yake hakucheka. Akasema, "Acheni makelele, sikilizeni anavyouvuta uzi wa gitaa. Humu ndani hakuna anayeweza hivyo." Na ni kweli. Mikono yako, kaka, bado ni ile ile. Hapo nikaanza kupata wasiwasi. Mtu anayetaka kuniharibia angeniharibia mimi. Asingekaa asubuhi nzima akajiharibia mwenyewe, kwa ustadi wote ule.

Kisha wimbo wa kwanza ukaisha. Ukaweka gitaa chini, nikasikia kiti kikilia. Kukawa na nafasi pale kabla ya wimbo wa pili. Simu ikaita. Simu yako, kaka, karibu kabisa na kinasa sauti, ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Halafu nikamsikia wifi. Alikuwa mlangoni, anasikika vizuri kabisa. Akasema, "Baba watoto, simu yako." Akangoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Baba watoto, simu. Na chai iko tayari, nikuletee?" Hukujibu. Akakuita mara ya tatu, na ile ya tatu sauti yake ilikatika katikati. Nikasikia kandambili zake zikiondoka.

Kisha wewe ukasogea kwenye kinasa sauti ukaniambia, "Umesikia nyumba ilivyotulia, Chiriku? Kimya kabisa. Wifi yako hajanisemesha tangu asubuhi."

Kofia akazima.

Mrefu ndiye aliyesema. Akasema kila kitu kinachotoka kwako, yeye hushusha trebo kabla ya kukichomeka, sasa ni mwaka wa pili. Wanamuziki wote wa huko wanajua. Wateja wako wanajua, ndiyo maana wanazungusha vitufe wakitoka nje. Kazi yako ni safi, hakuna fundi anayekufikia, hivyo wanachukua na kunyamaza. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, "Utaanzaje kumwambia Fundi?" Nilimkasirikia, halafu nikakumbuka kwamba mimi niliona na nikachagua kukuita mwovu.

Ni masikio yako, kaka. Yamepoteza sauti za juu. Ndiyo maana tisa kwako ni laini. Ndiyo maana simu zote zinanong'ona, na birika linapiga mluzi wewe ukiwa karibu nalo, maji yanakauka. Hakuna anayekusema. Hakuna anayekuficha kitu. Nimempigia wifi jana. Ameniambia ameita mpaka akajiona mjinga ndani ya nyumba yake, na alipobisha habari ya kuondoka, wewe ulikuwa unamtazama kama mtu anayetazama dirisha. Nguo zake ameshazikunja.

Nisamehe niliyoyaandika. Nimelia na bado nalia. Fleshi ninayo, ukitaka nitaituma, ila hutayasikia ninayokwambia humo, na hilo ndilo linaloniua. Itabidi uniamini tu. Najua ni kitu kigumu kukuomba mwezi huu.

Usimwache wifi apande gari.

Mdogo wako,
Chiriku


20 Aprili

Chiriku, marahaba.

Hongera kwa nafasi yako. Ningeanza na hilo hata kama mengine yasingekuwepo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa ubishi. Nikaikunja. Nikasema basi, naye wameshampata. Nilikukasirikia kweli kweli, na siku kadhaa nikawa nalala bila kumsemesha wifi yako. Lakini mimi ni fundi, Chiriku, na ukimwambia fundi kitu kimeharibika hawezi kutulia mpaka akipime.

Asubuhi moja nikawasha ile mashine yangu ya kupimia, inayotoa mlio mmoja unaoupandisha utakavyo. Nikaanza chini kabisa, nikawa napanda. Mlio unapanda vizuri, unapanda, halafu ukanyamaza. Nikajua mashine imekufa. Nikaifungua, nikakagua waya mmoja mmoja, nikaifunga, nikaanza tena. Ikanyamaza pale pale. Lakini sindano yake ilikuwa inacheza. Umeme ulikuwa unapita, spika ilikuwa inatikisika, niliigusa kwa kidole nikaisikia inatikisika. Ilikuwa ni tarehe kumi na nne, begi la wifi yako liko sebuleni. Nikatoka kwenda kumwita. Hata sikuwa na haja ya kumwita, alikuwa amefika mlangoni, ameziba masikio, ameukunja uso wote, ananionyesha kwa kichwa nizime. Na mimi nimesimama katikati ya chumba kilicho kimya.

Nilizima. Nikakaa chini. Nikamwambia naogopa. Ndiyo neno lililotoka. Akaja akakaa pale pale chini, kwenye vumbi la risasi, na nguo zake za safari.

Tumekwenda kwa daktari wa masikio. Amesema ni makelele ya spika za ujana wangu, na kilichoondoka hakirudi. Atanipa vifaa vya kuvaa, vitasaidia kidogo kwenye maneno. Kwenye muziki hakuahidi. Kaunta nimeweka mtu, binti mmoja mwenye masikio makali, yeye ndiye anayeseti redio sasa, mimi nachomelea. Wateja wameanza kurudi mmoja mmoja. Inaniuma, siwezi kukudanganya. Wakati mwingine natazama mkono wake ukizungusha kitufe na natamani kumpiga kibao.

Jana jioni niliwasha amplifaya. Nikamwomba wifi yako ashike kitufe cha trebo yeye. Nikamwambia, mimi napiga, wewe zungusha mpaka utakaporidhika, usinitazame usoni. Nikaanza ule wimbo wa polepole. Akashusha. Akapita nane, akapita saba, kila alipopita mimi nilikuwa napoteza kitu, mpaka nikawa nasikia kama naipigia nyumba ya jirani. Nilitaka kumwambia simama. Sikumwambia. Alipofika kwenye nne akaacha kitufe, mabega yake yakashuka, akavuta kiti akakaa mbele yangu. Nikaupiga wimbo wote mpaka mwisho, kwa sauti ambayo nusu yake ni yeye anayeisikia.

Nilipomaliza alisema kitu. Sikukipata. Nikamwomba arudie, akasogeza kiti, akarudia.

Kaka yako,
Fundi